Ujira wa Kalamu na Ujira wa Macho



Ndugu msomaji, hapa kwetu Mabwerebwere, wilaya ya Kilosa, baraza letu la baada ya Isha hukaa chini ya mwembe ulio ubavuni mwa msikiti. Hatuna vibaraza vya mawe kama vyenu watu wa Pwani, wala hapiti muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, lakini maneno yanayosemwa ni yale yale. Miezi michache iliyopita yalizuka hapo maneno ambayo hata leo hayajaisha, na kwa kuwa najua kuwa yamekwisha fika Tanga, Unguja, Mombasa na Lamu, tena kwa nguvu zaidi kuliko huku kwetu, nimeona niyatoe mbele yenu.

Yuko kijana mmoja wa hapa, nimemsomesha mimi mwenyewe tangu alipokuwa katika juzuu. Jina lake sitalitaja, kwani amekwisha taabika vya kutosha. Kijana huyu ana blogu. Kwa msomaji ambaye hajapata kuingia katika mambo haya, blogu ni ukurasa katika intaneti ambao mtu huuanzisha peke yake, akaandika alipendalo, na mwenye simu popote alipo akausoma. Ndesanjo Macha, ambaye ni katika Watanzania wa mwanzo kuandika blogu kwa Kiswahili, kati ya mwaka 2004 na 2005, alikuwa akiziita magazeti tando, na mimi napenda zaidi jina hilo, kwani linanikumbusha utando wa buibui, ambao hunasa yapitayo.

Miaka mitatu kijana wetu aliandika bila ya kupata hata senti moja. Aliandika habari za ufuta na mahindi, na mambo aliyoyasikia kwa mabwana wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga. Aliandika visa vya wazee wa Kisagara na Kikaguru. Aliandika namna mto Mkondoa ulivyofurika mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, ukaiharibu reli ya kati na kuwaacha watu maelfu hawana pa kulala, na habari hiyo niliisoma mara mbili, kwani mambo yale niliyaona kwa macho yangu. Wasomaji wake walikuwa wachache, pengine hawatimii mia. Aliandika kwa kuwa alipenda, kama mtu mwingine apendavyo kucheza bao.

Kisha akaenda kwenye semina mjini. Aliporudi hakuwa yule. Alikaa barazani akatwambia kuwa uandishi usioleta fedha ni kupoteza wakati, na kwamba miaka yake mitatu ilikuwa ya ujinga. Mzee mmoja, rika langu, akamjibu kwa hasira kuwa anayechukua fedha kwa kalamu yake amekwisha iuza elimu, na yeye na mwenye kilabu cha pombe ni mamoja. Wakanigeukia mimi.

Usiku ule sikujibu, na kunyamaza kwangu kumenigharimu, kama mtakavyoona. Leo najibu. Wote wawili wamekosea, kwa sababu wote wawili wanabishana juu ya kulipwa na kutolipwa, wala hapana aliyeuliza mlipaji ananunua nini.

Nianze na mzee mwenzangu, kwa kuwa yeye naweza kumwambia bila ya kuficha. Mzee, kama kula kwa kalamu na kwa elimu ni kuuza dini, mimi nimekula wapi umri wote huu? Nimefundisha chuo tangu sijaota ndevu vizuri. Watoto walileta mahindi, mara kuku, na vijisenti vya Alhamisi. Wewe mwenyewe uliniletea debe la mpunga mwanao alipohitimu. Nilipolipokea, ulikuwa umeninunua?

Wanavyuoni hawakuliacha jambo hili gizani. Sayyidna Abu Said Al-Khudri (R.A.) na wenziwe walikuwa safarini, wakafika kwa kabila lililowanyima ukaribisho. Mkuu wa kabila lile akaumwa na mdudu wa sumu, wakaja mbio kuwataka dawa. Wakapatana kwanza ujira wa kundi la mbuzi, kisha akasomewa Al-Fatiha, akapona. Masahaba wakaona shaka kuwala wale mbuzi mpaka wamwulize Mtume (S.A.W.), naye aliwaruhusu, akataka na yeye atengewe fungu. Ipo pia habari ya Ubada bin Samit (R.A.), aliyepewa upinde na mtu aliyemfundisha, akaonywa asiuchukue. Maimamu wamezipima habari hizo na kutofautiana, na sisi wafuasi wa Imam Shafi twajua kuwa madhehebu yetu yameuruhusu ujira wa kufundisha. Ikiwa ujira wa kufundisha Kurani umeruhusiwa, vipi uharamike ujira wa kuandika habari za ufuta?

Nitakupa na kisa cha Baghdad ya karne ya tatu ya Hijra. Alikuwako bingwa wa nahau akiitwa Al-Mubarrad, na hakuwa akifundisha bure. Akamjia kijana fundi wa kukata vioo, anataka kusoma. Akamwuliza, kwa siku wapata kiasi gani? Fundi akamwambia kuwa hupata dirham moja na ushei. Wakapatana atoe dirham moja kila siku, asome au asisome, mpaka mmoja wao afe. Fundi akatimiza ahadi yake, na ndiye yule anayejulikana mpaka leo kwa jina la Az-Zajjaj, imamu wa nahau na tafsiri, ambaye jina lake ni jina la kazi yake ya vioo. Mwalimu alilipwa, mwanafunzi akala jasho lake, na elimu ikatufikia.

Tena mzee usijifanye mcha Mungu kwa mfuko wa mwenzio. Kamati moja, siitaji, iliniomba niandike historia ya msikiti wao, kitabu kidogo cha kugawiwa siku ya Maulidi. Nikazunguka wiki tano kwa bodaboda nikijilipia, nikiwauliza wazee ambao nusu yao hawasikii. Siku ilipofika, mwenye turubai alilipwa, mwenye vipaza sauti alilipwa, mpishi alilipwa, hata aliyeleta kuni alilipwa. Nilipouliza nauli yangu tu, nikaambiwa, "Shekhe, wewe thawabu zako ziko kwa Mwenyezi Mungu." Kana kwamba mwenye turubai hana Mungu! Apendaye kuandika bure na aandike bure, hiyo ni hiari yake, lakini hiari yake haiwi haki yako.

Haya. Sasa nije kwako, mwanangu, na kwa vijana wenzio mnaotwambia kuwa kalamu isiyoleta fedha ni ujinga.

Watazameni waliowatangulia. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi yake ya Sahifa pale Mombasa mwaka 1930, na mwaka 1932 akaanza Al-Islah. Zilikuwa karatasi ndogo, na watu aliowakaripia ndani yake ndio hao hao wasomaji wake na majirani zake. Alikuwa Kadhi, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Riziki yake haikutoka katika zile karatasi, na kwa hiyo hapana msomaji aliyeweza kumtisha kuwa asipomsifu ataacha kununua. Makala zake zikakusanywa katika kitabu Uwongozi, na mpaka leo nyumba nyingi za Pwani zinacho. Shaaban Robert naye alikuwa karani wa serikali, miaka mingi katika forodha, akiandika baada ya kazi, na mwishowe akaingia mwenyewe katika shughuli ya kuchapisha vitabu vyake. Hata katika hizi blogu zenu, Issa Michuzi, ambaye alifungua yake mwaka 2005 ikasomwa na Watanzania walio ndani na nje ya nchi, alikuwa tayari ni mpiga picha wa gazeti, mtu mwenye ufundi na mshahara wake.

Watu hawa hawakuwa wajinga. Walikula kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine, na ule mkono wa kuandika haukuwa na njaa. Imam Al-Qaffal, katika wakubwa wa madhehebu yetu, alikuwa mhunzi wa kufuli kabla hajashika vitabu, akiwa mtu mzima, na jina la kufuli halikumtoka mpaka leo. Mapenzi ya kuandika ni mali, wala sikubali yaitwe hasara na mtu aliyehudhuria semina ya siku mbili.

Na kama mnadhani mapenzi hayo hayana thamani, kumbukeni mwaka 2018 yalipopigwa. Mwezi wa Machi mwaka ule serikali yetu ya Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa alipe shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni, na shilingi 1,000,000 nyingine za mwaka. Jumla shilingi 2,100,000 kabla hajaandika neno. Atakayeandika bila leseni, faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mashirika kadhaa yakaenda Mahakama Kuu, Mtwara, yakapata zuio la muda mwezi wa Mei, lakini halikudumu. Mwezi wa Juni wasio na leseni wakaamriwa wasimame, na hata JamiiForums, uwanja mkubwa kupita yote, ukafunga milango kwa muda.

Ni nani aliyekufa kwa kanuni zile? Mwenye matangazo ya biashara alilipa, kisha akatafuta matangazo zaidi ili arudishe fedha zake. Aliyekufa ni yule wa mapenzi: mwalimu aliyeandika historia ya kijiji chake, mama aliyeandika mapishi na malezi, kijana aliyeandika mashairi. Hao walifunga kurasa zao kimya kimya. Sheria iliwatoza leseni moja mwenye kuuza maandazi sokoni na mwenye kuwapelekea majirani maandazi ya futari. Sisemi kuwa serikali isiwe na sheria. Nitakayoyasimulia mbele yanataka sheria. Nasema kuwa mtunga kanuni hakuona tofauti kati ya duka na sadaka, akalipiga lililokuwa jema kuliko lililokuwa baya. Kanuni zile ziliandikwa upya mwaka 2020, zikarekebishwa mwaka 2022, na mzigo ukapunguzwa. Lakini waliokwisha nyamaza, wengi wao hawakurudi.

Sasa tufike penye jambo lenyewe.

Kijana wetu hakufundishwa semina ile kuuza maandishi yake. Laiti angefundishwa hivyo! Mwenye kuuza maandishi hupatana bei na mnunuzi, kama fundi wa vioo na mwalimu wake: makala hii kwa kiasi hiki, tangazo hili la duka lako kwa mwezi mzima kwa kiasi kile. Alifundishwa jambo jingine. Ipo njia ya matangazo ya kampuni ya Google, iliyoanza mwaka 2003, ambayo mwenye ukurasa huikubali, na kampuni huweka matangazo yake humo. Mwandishi hamjui mwenye tangazo, na mwenye tangazo hamjui mwandishi. Zamani malipo yalitoka zaidi msomaji anapolibofya tangazo. Tangu 2024 hutoka kwa kila mara linapoonekana. Wenye kuweka picha za sinema katika YouTube nao waliambiwa mwaka 2018 kuwa hawatapata fungu la matangazo mpaka wawe na wafuasi 1,000 na watazamwe saa 4,000 ndani ya miezi 12.

Tazama vizuri, ndugu msomaji, kitu gani kinauzwa hapo. Maandishi hayauzwi. Yakiwa ya kweli au ya uongo, yawe mazuri au matapishi, bei ni ile ile. Kinachouzwa ni macho yako wewe unayesoma, na yule anayeitwa mwandishi ni dalali wa macho hayo. Analipwa kwa idadi ya waliosimama kutazama, hata kama wamesimama kama watu wasimamavyo penye ajali.

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo mapya na mimi ni mzee wa bara nisiyeyajua. Ni makongwe mno. Katika miji ya Iraki ya zamani walikuwako wasimulizi waliokaa misikitini wakiwakusanya watu kwa visa vya ajabu, kisha wakipitisha bakuli. Ibnul-Jauzi, aliyefariki mwaka 597 wa Hijra, aliandika kitabu kizima juu ya watu hao. Hupokewa kisa, na wako wanavyuoni waliotilia shaka usahihi wake, kuwa Imam Ahmad bin Hanbal na Yahya bin Main walisali katika msikiti mmoja wa Baghdad. Baada ya sala akasimama msimulizi akatoa hadithi ya ndege wa ajabu wenye midomo ya dhahabu, ndefu isiyokwisha, na akasema ameipokea kwa Ahmad bin Hanbal na Yahya bin Main! Wenyewe wamekaa pale wanatazamana, huyu anamwuliza mwenziwe kama ndiye aliyeisema. Yule bwana alipokwisha kukusanya vijisenti vyake, Yahya akamwashiria kwa mkono. Akaja haraka akidhani anapewa bakshishi. Akaambiwa, mimi ndiye Yahya na huyu ndiye Ahmad, na hadithi hiyo hatujapata kuisikia. Hakutahayari hata kidogo. Akawajibu kuwa siku zote alikuwa akisikia kwamba Yahya ni mpumbavu, na leo ndiyo amehakikisha; kwani duniani hapana Yahya na Ahmad wengine ila wao? Yeye amepokea kwa Ahmad bin Hanbal kumi na saba!

Msimulizi yule hakuwa na uadui na Imam Ahmad. Alikuwa analipwa kwa idadi ya masikio, na ndege mwenye mdomo wa dhahabu hukusanya masikio mengi kuliko masala ya udhu. Mwekeni leo mcha Mungu mahali pake, mlipeni kwa hesabu hiyo hiyo, na mngoje mwaka mmoja. Sijui ataanza lini kuwaona ndege, lakini atawaona.

Kijana wetu hakungoja mwaka.

Msomaji wa Pwani huenda hajui kuwa wilaya yetu hii ina kidonda. Wakulima na wafugaji wamegombana hapa miaka mingi juu ya ardhi, malisho na maji. Mwezi wa Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilaya hii hii, waliuawa watu 38. Wakati ule huku kwetu hapakuwa na blogu wala simu za mkononi. Maneno yalikwenda kwa miguu na kwa baiskeli, na yalitosha. Kila mtu mzima wa Kilosa anajua kuwa kuna maneno ambayo hayasemwi hapa kwa mzaha.

Mwezi wa pili baada ya semina, matangazo yakiwa yamekwisha wekwa, ufuta haukuleta macho. Mkondoa haukuleta macho. Asubuhi moja kijana akaiona picha katika simu: mtu amelala anavuja damu, na nyuma yake ng'ombe. Hakujua ilipigwa wapi wala lini. Akaiweka katika ukurasa wake, na juu yake akaandika kuwa wafugaji wamewavamia wakulima usiku wa kuamkia siku ile, akakitaja na kijito ambacho sote tunakijua. Mwishoni akatia alama ya kuuliza. Nilipomwuliza baadaye, aliniambia kuwa semina iliwafundisha kuwa ukitia alama ya kuuliza hukusema uongo, umeuliza tu.

Kufika adhuhuri, waliousoma ukurasa ule kwa siku moja waliwapita wa miaka yake mitatu yote. Kufika alasiri, palikuwa na wanaume wenye mapanga uwanjani, na baadhi yao walikuwa wametoka katika safu zangu za sala. Nikampigia simu Laigwanani mmoja wa Kimasai, mzee tunayejuana tangu tukiwa vijana, nikamwuliza kumetokea nini. Akaniambia, "Shekhe, mimi ndiye nilikuwa nataka kukuuliza wewe." Vijana wake nao walikuwa wamekusanyika, kwani picha ile ile iliwafikia wao ikiwa na maneno kuwa aliyelala ni mfugaji na waliomwua ni sisi. Tukapatana tukutane kijitoni, mimi na wazee wanne, yeye na wake wanne, bila ya silaha. Tulipofika palikuwa na mbuzi wawili wanakunywa maji, na hapana jingine. Tukawapigia simu watu wetu kutoka pale pale, tukisema kwa sauti, kila mmoja kwa lugha ya kwao.

Hapana aliyekufa, Alhamdulillah. Lakini kabla ya simu zetu, mtoto wa kifugaji wa miaka kumi na mitatu hivi, ambaye hutuletea maziwa kwa baiskeli, alikuwa amekwisha kamatwa njiani akapigwa, mkono wake ukavunjika. Maziwa yale alikuwa akiyaleta nyumbani kwangu.

Na ujira je? Nilitaka kuujua, nikamwambia kijana anifungulie hesabu yake. Siku ile moja ilimpatia dola tatu na kitu. Hata hizo hakuzishika, kwa sababu kampuni haitoi fedha mpaka zifike dola 100.

Sasa wako wanaoniambia, "Maalim, hata magazeti makubwa yanaishi kwa matangazo." Ni kweli, na sikatai. Lakini gazeti lina mhariri anayeweza kufukuzwa, lina jina na mlango ambao ukidhulumiwa unajua pa kugonga, na tangazo la gazeti limelipiwa kabla ya asubuhi kucha, habari iwe moto au iwe baridi. Hata hivyo magazeti yenyewe ya udaku mnayajua, na mnajua yamefikaje huko. Wengine wananiuliza kijana atakula nini. Swali hili nalipenda zaidi, kwa sababu wanaouliza hawa wanao watoto wa namna hiyo nyumbani, wamesoma na hawana kazi. Nami nawarudishia. Wewe mwenye duka, ulipotaka kutangaza bidhaa zako mtandaoni, ulimlipa kijana wako shilingi ngapi kwa mwezi? Wewe chama cha ushirika, bei za mazao unamwandikisha nani, na unampa nini? Ninyi kamati za misikiti na madrasa mnaotaka habari zenu ziandikwe vizuri, mmeweka fungu la mwandishi karibu na fungu la turubai? Sisi tuliomwambia asile kwa kalamu yake ndio tuliomsukuma kwa yule asiyemjua, anayelipa kwa hesabu ya macho.

Sisemi kuwa njia ile ni haramu moja kwa moja. Kuharamisha kunataka dalili, na wako watu wanaopokea fedha hizo na wakachunga ndimi zao. Nasema kuwa ni mahali pa utelezi, na kwamba baba anayemwona mwanawe anashangilia idadi ya watazamaji lazima amwulize wametazama nini.

Wiki ile ile nilikwenda na kijana wetu nyumbani kwa yule mtoto wa maziwa. Aliomba radhi mbele ya wazee wao. Wakamtoza ndama, na baba yake akauza magunia ya mahindi kumnunua. Juu ya hayo, mpaka mkono wa mtoto ulipopona, kijana ndiye aliyekuwa akiyabeba maziwa kwa baiskeli kila alfajiri, na kwa muda fulani baadhi ya majirani walikataa kuyanunua mikononi mwake.

Ukurasa wake aliufunga mwezi mzima, kisha akaufungua tena bila ya matangazo yale. Juu kabisa ameweka maelezo ya kosa lake, na kijito amekitaja tena kwa jina. Kikundi kimoja cha wakulima wa ufuta sasa humpa shilingi 30,000 kwa mwezi awaandikie bei za masoko, nazo ni kidogo, na nimewaambia hivyo. Wasomaji wamerudi kuwa themanini na kitu. Jumamosi iliyopita aliniletea makala mpya aliyoiandika kwa mapenzi yake, habari za mzee mmoja aliyefanya kazi katika mashamba ya katani, akitaka niipitie kabla haijatoka. Nimemrudishia ikiwa na makosa mawili ya tahajia na jina moja la mtu ambalo nimemtaka akalihakikishe.

Wassalaam.